Doki Haijafa: Kwa Nini Monita Hugoma Laptopu Inapoamka

"Kaka, habari za asubuhi. Doki imekufa tena."

"Salama dada, pole. Usichomoe kitu kwanza. Laptopu inachaji?"

"Inachaji."

"Kibodi ya mezani inaandika?"

"Haiandiki. Na monita zote mbili zinasema hakuna signali."

Simu hiyo ilitoka kwa dada mmoja wa uhasibu katika ofisi ninayoihudumia hapa Dar es Salaam, Jumatatu, saa mbili kasoro asubuhi. Ilikuwa mara ya nne ndani ya mwezi mmoja. Kabla sijaitwa alikwishaambiwa anunue doki mpya, yaani lile boksi la mezani linalounganisha laptopu na monita, kibodi na mtandao kwa waya mmoja, akanunua, na ile mpya nayo ikagoma baada ya siku tisa. Nimeona doki nzima nyingi mno zikitupwa kabatini kwa tatizo ambalo halimo ndani yake. Inaniuma, kwa sababu doki nzuri ni ghali na mara nyingi dawa yake haigharimu hata shilingi.

Maswali yangu matatu kwenye simu yana sababu. Boksi lile dogo ni kifaa kimoja kwa macho tu. Ndani yake mna habu ya USB (kigawanyio cha milango ya USB), kadi ya mtandao, kadi ya sauti, chipu inayogawa picha kwenda kwenye monita, na chipu nyingine inayosimamia umeme. Vyote hivyo hupita kwenye waya mmoja wa USB-C wenye pini 24, lakini havipiti njia moja. Makubaliano ya umeme, yaani doki itoe volti ngapi na ampea ngapi, hufanyika kwenye pini ya pekee iitwayo CC. Picha ina njia zake, na data ya kibodi ina njia zake. Kwa hiyo laptopu inaweza kuchaji bila shida huku monita ziko gizani. Mtu akiniambia "inachaji", tayari najua doki ina umeme, waya haujakatika wote, na mazungumzo ya CC yamefanyika. Akiniambia kibodi na monita vimekufa pamoja, najua ni upande mzima wa data na picha ambao haujaunganishwa upya. Kama kibodi inaandika na monita tu ndizo zimegoma, hiyo ni safari nyingine kabisa.

Usingizi wa laptopu za leo nao umebadilika. Mashine za zamani zililala kwa mtindo uitwao S3: prosesa inazimwa, RAM peke yake inapewa umeme kidogo ili isisahau, na mashine ikiamka inaviandaa vifaa vyake upya. Laptopu nyingi mpya hutumia Modern Standby, mtindo uliotokana na ule ulioingia na Windows 8 mwaka 2012. Hapo mashine haizimiki, inasinzia. Inashtuka kidogo kuangalia barua pepe au masasisho, kisha inasinzia tena. Wewe umefunga kifuniko saa kumi na moja jioni na kukifungua asubuhi, ukadhani imelala mara moja tu. Kumbe doki imelazwa na kuamshwa mara kadhaa usiku kucha, na kila mara ni nafasi ya kitu kuteleza.

Kujua yako ni ya aina gani, fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, na uandike powercfg /a. Ukiona "S0 Low Power Idle" kwenye orodha ya hali zinazopatikana, hiyo inasinzia. Ukiona "S3", hiyo inalala kwa mtindo wa zamani. Kuna ushauri unaozunguka wa kuilazimisha mashine mpya irudi S3 kwa kuhariri rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows. Mimi siufanyi kwenye mashine ya mteja. Kama mtengenezaji hakuiandaa S3 kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha mashine, laptopu inaweza kulala isiamke.

Nirudi kwenye kibodi. Kwa kanuni za USB 2.0, kifaa kisiposikia chochote kwenye waya kwa milisekunde 3 kinatakiwa kilale, na kikilala kisivute zaidi ya miliampea 2.5. Laptopu ikiamka hutuma ishara ya kuamsha kwa angalau milisekunde 20, halafu inavipa vifaa milisekunde 10 vijiweke sawa. Muda wenyewe ni finyu. Kibodi ya yule dada haikuchomekwa kwenye laptopu. Ilichomekwa kwenye habu ya doki, na doki nyingi zina habu mbili zinazofuatana ndani. Ya kwanza ikikwama, vyote vilivyo nyuma yake vinatoweka machoni pa Windows.

Picha ina utaratibu mrefu zaidi. Monita inatakiwa itangaze kuwa ipo. Doki inaupeleka ujumbe huo kwa laptopu kupitia CC ileile. Laptopu inasoma EDID, kile kitambulisho cha monita ambacho sehemu yake ya msingi ni baiti 128, ikajua ukubwa wa picha unaokubalika, kisha pande mbili zinajaribiana kasi mpaka zielewane. Monita yenyewe kama imelala usingizi mzito na ikachelewa kuitika, laptopu huhesabu kwamba haipo na kuendelea na mambo yake.

Sasa, kisa cha dada wa uhasibu. Alikuwa anafunga kifuniko Ijumaa na kukifungua Jumatatu. Nilichofanya kwanza ni kuiuliza laptopu yenyewe usiku ulikuwaje. Amri ni powercfg /batteryreport. Inatengeneza ukurasa unaofunguka kwenye kivinjari, na katika sehemu ya matumizi ya karibuni utaona kila mara mashine ilipohama kutoka umeme wa ukutani kwenda kwenye betri, na saa yake. Usiku wa kuamkia Jumapili, saa 3:12 kwa hesabu ya kompyuta, yaani saa tisa na dakika kumi na mbili usiku kwa hesabu yetu, ilihamia betri. Haikupita dakika ikarudi ukutani. Usiku uleule ikahama tena mara mbili.

Jengo lile lina jenereta. Umeme ukikatika, jenereta huchukua sekunde kadhaa kuwaka na kupokea mzigo; umeme ukirudi, kuna mkatiko mwingine mfupi. Laptopu ina betri, haikusikia kitu. Doki haina betri. Ilizimika na kuwaka upya mara tatu wakati mwenzake amesinzia. Kwa upande wa doki, kila kuwaka ni kuanza mwanzo; kwa upande wa laptopu, makubaliano ya Ijumaa jioni bado yanasimama. Kuchaji kulirudi kwa sababu saketi ya umeme ya laptopu hukesha hata prosesa ikisinzia. Data na picha zilibaki zinamsubiri mtu ambaye hakuja.

Tena afadhali umeme ukatike kabisa. Ukishuka tu kwa sekunde chache kisha ukapanda, chipu moja ndani ya doki inaweza kujiwasha upya na ya jirani yake isijue kilichotokea. Hapo kuwasha upya laptopu peke yake mara nyingi hakusaidii, maana aliyekwama ni doki.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ninayomwelekeza kila mtu ni hii, na naomba ifuatwe kwa mpangilio wake. Chomoa waya wa USB-C kwenye laptopu. Chomoa adapta ya doki ukutani. Chomoa na vitu vyote vilivyochomekwa kwenye doki, hasa vyenye umeme wao wenyewe. Subiri dakika nzima, kwa saa. Wengi huchomoa adapta ya ukutani na kuuacha waya wa laptopu. Kosa liko hapo, kwa sababu laptopu inaweza kuipelekea doki volti 5 kwa waya uleule, na chipu iliyokwama ikaendelea kuwa hai katika kukwama kwake. Dakika ikiisha, washa doki kwanza, uache taa yake itulie. Rudisha monita na uziwashe. Mwisho kabisa chomeka laptopu, nayo iwe macho na umeshaingia kwa nywila yako. Ipe sekunde ishirini kabla hujalalamika.

Vyote vikirudi, doki yako ni nzima. Iandike hiyo mahali, maana wiki ijayo mtu atakushauri ununue nyingine.

Ukitaka kuwasha upya Windows katika shughuli hii, chagua Restart, usizime na kuwasha. Fast Startup ikiwa imewashwa, "kuzima" huhifadhi kiini cha mfumo na draiva zake (programu zinazoendesha vifaa) kwenye diski na kuvirudisha kama vilivyokuwa, pamoja na draiva iliyochanganyikiwa.

Kama kibodi inaandika na mtandao upo, ila monita ndizo nyeusi, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Skrini itapepesa mara moja: draiva ya picha imewashwa upya. Monita zikirudi hapo, doki haina kosa. Tafuta draiva mpya ya kadi ya picha kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu. Zisiporudi, ingia kwenye menyu ya monita yenyewe, uondoe kujitafutia chanzo cha picha na uchague mlango unaoutumia, DisplayPort au HDMI. Kama kuna kipengele cha usingizi mzito, kizime. Monita inayohangaika kuruka kutoka mlango mmoja hadi mwingine hupitwa na ule wakati mfupi laptopu inapoita.

Mtandao peke yake ukipotea, fahamu kwamba kadi ya mtandao ya doki ni kifaa cha USB, na nyingi zina chipu ya Realtek. Fungua Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, tafuta kadi hiyo, uondoe tiki inayoiruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. Kwenye mipangilio yake ya ndani, zima Energy Efficient Ethernet. Tiki hiyohiyo iondoe kwenye kila USB Root Hub. Laptopu nyingine za Modern Standby hazionyeshi kabisa ukurasa wenye tiki hiyo, usidhani umekosea. Badilisha kitu kimoja, ukae nacho siku mbili au tatu, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitano kwa pamoja hutajua kipi kilikuponya, na tatizo likirudi utaanza upya.

Masasisho ninayafanya kwa mpangilio: BIOS ya laptopu, draiva za USB-C au Thunderbolt (teknolojia ya kasi inayotumia mlango uleule wa USB-C), kisha programu iliyo ndani ya doki. Hii ya mwisho watu hawajui kama ipo, na mara nyingi watengenezaji hurekebisha humo matatizo ya kuamka. Lakini usiisasishe wakati umeme unayumba. Doki ikizimika katikati ya kuandikwa inaweza isiwake tena, na hapo kweli itakuwa imekufa.

Waya nao. Waya wa USB-C uliokuja na chaja ya simu mara nyingi hubeba data ya USB 2.0 tu, megabiti 480 kwa sekunde, na hauna njia za picha. Utachaji laptopu vizuri na hutaona monita kamwe. Wa Thunderbolt 3 usio na chipu za kukuza mawimbi hufikisha gigabiti 40 ukiwa na urefu wa karibu nusu mita, kwa hiyo usiubadilishe kwa mrefu ili tu ufike nyuma ya meza. Tumia uliokuja na doki.

Wenye Mac: macOS haigawi signali moja ya DisplayPort kuwa monita mbili tofauti kama Windows inavyofanya, ndiyo maana doki ileile huwaonyesha picha moja kwenye monita zote mbili. Hilo halihusiani na usingizi. Wenye doki za DisplayLink, ambazo hupitisha picha kama data ya USB, wahakikishe draiva yake ipo, na kwenye Mac ruhusa ya kurekodi skrini haijaondolewa. Kwenye Linux, cat /sys/power/mem_sleep itakuonyesha aina ya usingizi, na dmesg mara baada ya kuamka itakutajia kifaa kilichogoma kwa jina.

Kwa dada wa uhasibu sikubadilisha kifaa chochote. Chini ya meza yake kulikuwa na UPS (boksi la betri la kushikilia umeme unapokatika) ya enzi za kompyuta ya mezani, imebaki kuhudumia simu tu. Tuliweka betri mpya, nikachomeka doki na monita zote mbili humo, ili zile sekunde za jenereta zisiifikie doki. Ijumaa sasa analaza laptopu kwa haibaneti badala ya usingizi wa kawaida: kila kitu kinaandikwa kwenye diski, mashine inazimika, na Jumatatu inaitambua doki upya kama vile imechomekwa muda uleule. Inachukua sekunde chache zaidi kufunguka. Alisema hizo anazimudu.

Ile doki yake ya kwanza, iliyohukumiwa kufa, niliitoa kabatini, nikasasisha programu yake na kuijaribu kwa laptopu mbili. Iko mezani kwa mwenzake wa manunuzi tangu siku hiyo.