Bodi Haikuulizi Porter ni Nani

Mara ya kwanza kufanya mtihani wa Strategic Business Leader nilipata 46 kati ya 100. Na siku ile nilitoka chumba cha mtihani kifua mbele, maana nilikuwa nimemwaga kila kitu: PESTEL (orodha ya mambo ya nje yanayoigusa kampuni, kama siasa, uchumi na sheria) yote herufi kwa herufi, nguvu tano zote za Porter zinazobana faida ya sekta, mnyororo wa thamani, yaani hatua ambazo kampuni huongezea thamani bidhaa yake, kipengele kwa kipengele. Matokeo yalinikuta kwenye foleni ya mwendokasi Kimara. Niliyasoma mara mbili, nikaacha basi mbili zipite.

Kwa asiyeijua, hii ndiyo pepa ya mikakati na uongozi katika ngazi ya juu ya ACCA, ile mitihani ya kimataifa ya uhasibu. Ilianza Septemba 2018 ikachukua nafasi ya pepa mbili za zamani, P1 na P3. Tangu Septemba 2023 inafanywa kwa saa 3 na dakika 15, na wiki mbili kabla unapewa taarifa za awali za kampuni ya kubuni utakayoulizwa. Kazi ni tatu, zote za lazima. Alama 80 ni za utaalamu na 20 ni za weledi, na kufaulu ni 50. Kwa kawaida karibu nusu ya watahiniwa hufaulu, nusu nyingine hurudi. Wanaorudi si wavivu. Wengi wamebukua kuliko waliofaulu.

Nikisahihisha kazi za wanafunzi wangu wa Jumamosi naliona kosa lilelile langu. Huwapa kisa nilichokitunga mwenyewe: kampuni ya mabasi ya Dar hadi Dodoma. Treni ya SGR ilianza kwenda Morogoro Juni 2024, na kufikia mwanzoni mwa Agosti ikawa inafika Dodoma. Mkurugenzi wa kampuni yangu ya kubuni anataka kukopa anunue mabasi 10 mapya ya kifahari. Bodi inaomba ushauri.

Dada mmoja, hodari sana wa hesabu za kodi, aliandika hivi: “Tishio la huduma mbadala ni kubwa kwa sababu kuna treni ya SGR. Porter anasema huduma mbadala hupunguza faida katika sekta.”

Nikamwuliza, “Ehe, kwa hiyo?”

“Kwa hiyo tishio ni kubwa, mwalimu.”

Hapo ndipo alama zinapokwama. Tishio la huduma mbadala ni mojawapo ya nguvu tano. Michael Porter aliuandika mfano huo mwaka 1979, na wajumbe wa bodi hawana haja ya kujua hilo. Wameweka pesa zao kwenye mabasi. Wanachotaka kusikia ni kama wanunue au wasinunue.

Tukarudi kwenye kisa. Nauli nimeiweka sh. 35,000, gharama ya safari moja sh. 1,000,000, basi lina viti 45. Gawanya: ili safari isile hasara wanahitajika abiria 29. Kiambatisho cha pili kinaonyesha wastani umeshuka kutoka 38 hadi 27. Abiria 27 wanaleta sh. 945,000, yaani kila basi linapoondoka stendi linaacha hasara ya sh. 55,000. Hesabu ya darasa la saba hii, lakini kati ya wanafunzi 11 ni wawili tu walioifanya. Wengine waliiona ile jedwali wakaipita, wakikimbilia nguvu ya pili.

Kisha nikamwambia aangalie ramani. Reli imepitia Kilosa na Gulwe, haigusi Gairo wala Kibaigwa, na abiria wa Singida bado anahitaji gari. Akakaa kama dakika 20, akaandika upya:

“Kwa muda wa safari hatuwezi kuishinda treni, na kwa wastani wa sasa kila safari ya Dodoma inatupotezea sh. 55,000. Mabasi 10 mapya yataongeza viti katika njia ambayo tayari ina viti vitupu, na marejesho ya mkopo juu yake. Napendekeza bodi isikope sasa. Badala yake tuhamishe baadhi ya mabasi tuliyonayo kwenda Singida na tuhudumie miji ya barabarani ambako reli haifiki, kisha tupime idadi ya abiria baada ya miezi mitatu.”

Neno “nguvu tano” halimo hata mara moja, na nguvu tatu kati ya hizo hazikuguswa kabisa. Sawa tu. Hazikuwa na uzito hapo. Mfano umefanya kazi yake kichwani mwa mwandishi, kama fundi anayepima kwa futi kamba lakini hakukabidhi futi kamba pamoja na kabati.

Zile 20 za weledi ndizo watu huziacha mezani. Zinapimwa kwa mawasiliano, upeo wa kibiashara, uchambuzi, mashaka na tathmini, na kila swali hutaja linapima lipi. Mashaka ndiyo yanayowashinda Watanzania wenzangu, nadhani kwa sababu tumelelewa kutombishia mkubwa. Mkurugenzi kwenye kisa changu anadai “abiria watarudi wakishaichoka treni.” Wanafunzi wengi huinakili kauli hiyo kama ushahidi! Jiulize ameitoa wapi, ana masilahi gani, na takwimu ziko wapi. Halafu uandike kwa adabu, maana dokezo lenyewe atalisoma. “Makadirio haya hayajaambatanishwa na takwimu za abiria, naishauri bodi izione kabla ya kuamua.” Umembishia, na heshima yake iko palepale.

Taarifa za awali zisikuzidi nguvu. Kuna wanaotumia wiki mbili kupiga ramli ya maswali, na kuna makundi ya WhatsApp yanayouza “maswali tarajiwa”. Okoa hela yako. Ijue sekta, jua nani ana sauti kwenye bodi na pesa zinaingilia wapi, basi. Notisi zako hazitaingia chumbani, nakala safi utaikuta kwenye skrini, na viambatisho vya siku ile huleta mambo mapya.

Muda mimi naugawa hivi: dakika 35 za kusoma na kupanga, zinabaki 160 kwa alama 80 za utaalamu. Dakika 2 kwa alama. Swali la alama 12 likifika dakika 24, nyanyua mikono, hata kama sentensi iko tamu namna gani. Mara ya kwanza nilimaliza swali la mwisho kwa mistari minne. Mara ya pili niliacha majibu mawili bila hitimisho zuri, nikapata 58.

Na jizoezeni kuchapa, jamani. Mtihani wote ni wa kompyuta, na kaka mmoja darasani kwangu, mkaguzi mzuri tu, huchapa kwa vidole viwili akitafuta herufi Q kama ufunguo uliopotea. Sasa nimempa kazi ya kuandika madokezo yote ya ofisini kwake mwenyewe, bila kumpa katibu muhtasi, mpaka siku ya pepa.