Geel: mji uliowalaza wagonjwa wa akili majumbani

Wengi tumekua tukisikia kwamba kwa Wakatoliki wa zamani, mgonjwa wa akili alikuwa mwenye pepo tu: aombewe, asipopona afungiwe. Habari za Geel, mji mdogo wa Ubelgiji, zinaonyesha mambo hayakuwa mepesi hivyo.

Kufukuza pepo kulikuwepo, tusifiche. Tangu Enzi za Kati wagonjwa waliletwa katika kanisa la Mtakatifu Dymphna, msimamizi wa wagonjwa wa akili, wakafanyiwa ibada ya siku 9. Lakini walizidi nafasi iliyokuwepo, ndipo wenyeji wakaanza kuwapokea majumbani mwao. Wengine hawakuondoka tena. Walikula na familia, wakasaidia shambani, wakabeba watoto. Wazee wa nyumba walipofariki, mara nyingi watoto wao waliendelea kumtunza mgeni yule yule. Haikuwa paradiso ya duniani: familia zililipwa, nguvukazi iliwafaa, na waliokuwa wakali waliwahi kufungwa minyororo. Hata hivyo, hawakutengwa na mji.

Karne ya 19 serikali ikachukua usimamizi, na madaktari wakaingia. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wageni hao walizidi 3,500. Leo ni wachache zaidi, lakini utaratibu haujafa. Unasimamiwa na hospitali ya umma.

Na pepo je? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1673, inatenganisha wazi: ugonjwa, hasa wa akili, ni kazi ya tiba. Padri haruhusiwi kufanya ibada rasmi ya kupunga pepo bila idhini ya askofu, na kwanza lazima ihakikishwe kuwa si ugonjwa.