Je, wajua kwa nini dripu moja hutangulia nyingine?

Mama mdogo anaishi Nansio, Ukerewe. Kila baada ya wiki tatu hupanda meli ya asubuhi kuja Mwanza, nampokea bandarini, tunapanda wote kilima hadi hospitali ya Bugando kwa ajili ya matibabu yake ya saratani ya mlango wa kizazi. Safari ya tatu alimuuliza muuguzi swali ambalo mimi sikuwahi kulifikiria: "Mwanangu, mbona siku zote mnaanza na chupa hii? Ile nyingine ndiyo inayonichosha. Si mngeitanguliza tukamalizana nayo?"

Chupa ya kwanza ni paklitakseli, ya pili ni sisplatini. Muuguzi alimjibu kwa upole kwamba hazigeuzwi. Sababu yenyewe nimeifuatilia tangu siku ile, na kila ninapoieleza kwa mtu naona anashangaa kama nilivyoshangaa mimi.

Paklitakseli huvunjwavunjwa na ini. Sisplatini ikitangulia, mwili hupungukiwa uwezo wa kuiondoa paklitakseli kwa karibu theluthi moja. Dawa inakaa kwenye damu muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa, na uboho wa mifupa, ambako damu hutengenezwa, unaumia zaidi. Chembe nyeupe zinashuka mno, na mgonjwa ambaye chembe nyeupe zimeshuka mno anaweza kulazwa kwa homa ambayo jirani yake angeimaliza kwa kulala mapema. Dawa ni zilezile, kipimo ni kilekile. Kilichobadilika ni ipi imetangulia.

Basi kwa nini zichanganywe? Kwa sababu dawa moja ya saratani, hata iwe kali namna gani, mara nyingi huacha seli chache zilizoweza kuihimili, na hizo ndizo zinazoota upya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, madaktari Emil Frei na Emil Freireich wa Marekani waliwapa watoto wenye saratani ya damu dawa nne kwa pamoja, kila moja ikishambulia seli kwa njia yake. Wenzao wengi waliona ni kuwatesa watoto. Lakini baadhi ya watoto wale wakaanza kupona ugonjwa ambao kabla ya hapo ulikuwa unaua karibu kila aliyeupata. Leo uvimbe wa Burkitt, saratani inayovimbisha taya na kuwapata sana watoto wa ukanda huu wa ziwa, nao hutibiwa kwa dawa kadhaa pamoja.

Kuelewa zinavyokutana ndani ya mwili, mimi hukumbuka Kigongo na Busisi, kingo mbili za ghuba ya ziwa hapa Mwanza. Kabla ya daraja, magari yote yalisubiri kivuko. Malori mawili makubwa yakiingia, gari dogo linabaki ukingoni, saa zinakwenda. Ini nalo lina vivuko vyake, vinaitwa vimeng'enya, na dawa nyingi hupitia kivuko kilekile. Dawa nyingine ikikijaza au ikikisimamisha, ile ya saratani inabaki kwenye damu na kurundikana. Ndivyo inavyotokea kwa vinkristini, dawa wanayopewa watoto wa Burkitt. Mtoto akipata utando mweupe mdomoni na mtu akampa itrakonazoli ya kuua fangasi bila kuangalia, vinkristini hukwama mwilini. Mtoto anapata choo kigumu kisichotoka, vidole vinakufa ganzi, miguu inalegea. Mzazi anadhani saratani imefika kwenye mishipa ya fahamu.

Kinyume chake pia kipo. Juni 2025 daraja lilipofunguliwa, foleni ile ya Kigongo ikaisha. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hulifanyia ini jambo la namna hiyo: njia zinafunguka na dawa nyingine zinapita haraka kabla hazijafanya kazi. Tamoksifeni, kidonge cha saratani ya matiti, hupungua sana kwenye damu ya mtu anayemeza rifampisini. Hapo mgonjwa hahisi chochote kibaya. Anameza kidonge chake kila siku kwa uaminifu, na kinga aliyoitarajia haipo. Hili linaniuma kuliko madhara yanayoonekana. Wala dawa ya kifua kikuu haiachwi kienyeji kwa sababu hiyo. Daktari ndiye wa kupanga upya.

Dawa iliyonishangaza kuliko zote ni asidi foliniki. Mgonjwa aliyepewa metotreksati, dawa nyingine ya saratani, kwa kipimo kikubwa hupewa asidi foliniki saa kadhaa baadaye ili kuziokoa seli zake zenye afya. Lakini ichanganye na florourasili, dawa ya saratani ya utumbo, nayo inageuka kinoo: inainoa florourasili ikate zaidi. Madaktari hutumia ukali huo kwa makusudi, wakiwa wamepiga hesabu. Sasa fikiria mama anayemeza kapesitabini, kidonge kinachogeuka florourasili mwilini. Anajiona mchovu, anaenda dukani, anajinunulia vidonge vya kuongeza damu vile vya wajawazito. Ndani yake mna asidi foliki, ndugu wa asidi foliniki. Bila kujua, ameinoa dawa yake. Vidonda vya mdomo na kuhara vinaweza kuzidi, na hakuna atakayevishuku vidonge vya damu.

Kuna tukio la Japani la mwaka 1993 ambalo kila anayegusa dawa hizi anapaswa kulijua. Ilitoka dawa mpya ya mkanda wa jeshi, ikiitwa sorivudini. Mkanda wa jeshi huwapata sana watu ambao kinga yao imeshuka, wakiwemo wenye saratani, na wengi wao walikuwa wanatumia dawa za jamii ya florourasili. Bakteria wa tumboni waliigeuza sorivudini kuwa kitu kilichokifunga kimeng'enya kikuu kinachoivunja florourasili. Ndani ya siku 40 wagonjwa 15 walikufa. Walikufa kwa kipimo cha kawaida cha dawa yao ya kila siku.

Baada ya swali la mama mdogo, muuguzi alimwita mfamasia. Akaja kijana, akaamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa, kisha akaomba aone kila kitu anachomeza nyumbani. Mama mdogo alifungua fundo la kanga. Ilikuwemo omeprazo, dawa ya asidi ya tumbo. Ilikuwemo diklofenaki ya kiuno, aliyokuwa akiinunua duka la dawa pale Nansio na kumeza mbili kila anaporudi kutoka Mwanza.

Mfamasia aliiweka ile diklofenaki pembeni. Alieleza kwamba sisplatini hutoka kupitia figo na huziumiza ikipita, ndiyo maana anawekewa maji mengi kabla na baada. Diklofenaki hupunguza damu inayoingia kwenye figo hizohizo. Kwa hiyo siku zilezile figo zinapolemewa ndizo siku alizokuwa akiziongezea mzigo. Akamuahidi dawa nyingine ya maumivu. Kisha akasema, na hili nililiandika, kwamba akilazwa hospitali nyingine yoyote kwa homa aseme mapema kuwa yuko kwenye sisplatini, kwa sababu sindano ya jentamisini, dawa ya kuua bakteria, ikikutana nayo inaweza kuharibu figo na masikio.

Chini kabisa ya kanga kulikuwa na kichupa cha maji ya kijani. Mama mdogo alikifunika kwa kiganja. Alitegemea kugombezwa, na mimi pia. Kijana akamwambia paklitakseli yenyewe ilianza kwenye gome la mti, kwa hiyo hawezi kuuchukulia mti kama kitu kisicho na nguvu, na ndiyo sababu anataka kuujua. Mama mdogo akaondoa kiganja.

"Mwarobaini," akasema. "Kikombe kimoja, jioni."

Mfamasia akamwomba akisimamishe mpaka dripu ziishe, na akaandika kwenye faili, kwenye orodha ileile ya vidonge: mwarobaini, kikombe kimoja, jioni.