Demo, teki na miksi: maana ya toleo mbadala la albamu

Kasha la albamu ya kwanza ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza, lililotoka Oktoba 2024 lina rekodi 63. Santuri yenyewe, ilipoingia madukani Julai 1973, ilikuwa na nyimbo 10 tu. Bendi haikutunga nyimbo nyingine 53 za kujazia. Nyingi ni zilezile zinazorudi: mara demo, mara teki ambayo haikutumika, mara muziki mtupu bila mwimbaji, mara miksi mpya. Anayekutana na orodha ndefu namna hiyo kwa mara ya kwanza ana haki ya kuuliza zinatofautianaje, na ipi kati ya hizo ndiyo albamu yenyewe.

Jina la jumla ni matoleo mbadala: rekodi za wimbo uleule ambazo si ile waliyoisikia watu waliponunua santuri. Chini ya jina hilo moja vimekusanywa vitu visivyofanana, na kinachovitenganisha ni hatua ya kazi ambamo kila kimoja kilizaliwa. Nitaieleza kwa kutumia albamu hiyohiyo ya Queen, kwa kuwa karibu kila aina imo, na kwa kuwa sauti inayoimba ni ya mtoto wa Unguja. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964.

Demo kwanza. Demo ni rekodi ya kuombea kazi. Bendi haina mkataba, lebo, yaani kampuni za kutoa rekodi, haziijui, basi inarekodi nyimbo chache na kuzipeleka kwa wenye fedha wazisikie. Wakati mwingine ni ya mtunzi peke yake: ana wimbo kichwani, anauweka kwenye kanda nyumbani kwa gitaa moja ili wenzake waufahamu kabla ya siku ya studio. Kwa kawaida hurekodiwa haraka na kwa fedha kidogo, ndiyo maana wengi huichukulia kama rasimu mbovu ya wimbo.

Queen walipata bahati ambayo bendi changa haipati. Mwaka 1971 studio za De Lane Lea zilikuwa zinahamia jengo jipya huko Wembley, London, na mafundi walihitaji bendi ya kupiga kwa sauti kubwa ili wapime mitambo na kuta. Queen wakaikubali kazi hiyo, na ujira wao ukawa kurekodi bure. Wakatoka na nyimbo tano, fundi mitambo akiwa Louie Austin: "Keep Yourself Alive", "The Night Comes Down", "Great King Rat", "Jesus" na "Liar". Kwa hiyo demo yao haikufanyiwa chumbani kwa mtu. Ilitoka kwenye studio kamili, mikononi mwa watu waliokuwa na nafasi ya kurudia mpaka waridhike.

Baadaye wakachukuliwa na kampuni ya ndugu wawili, Norman na Barry Sheffield, wenye studio ya Trident mtaa wa Soho, London. Hapo ndipo albamu ilipotengenezwa mwaka 1972, lakini kwa sharti gumu: Queen waliingia saa ambazo hakuna mteja anayelipa, mara nyingi usiku wa manane, baada ya wasanii wakubwa kumaliza kazi zao. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini albamu ya nyimbo 10 iliwachukua miezi.

Studio za wakati ule zilirekodi kwenye utepe mpana uliogawanywa njia nyingi, traki 16 kwa mfano. Ngoma zina njia zao, besi yake, gitaa lake, sauti yake. Bendi hupiga wimbo tangu mwanzo hadi mwisho, na kila mara wanapoanza upya hiyo ni teki moja: teki ya kwanza, ya pili, ya tisa. Moja huchaguliwa, na juu yake hupandishwa sauti, magitaa ya ziada na makofi. Zilizobaki hurudi kabatini.

Mimi nazipenda hizo zilizobaki kuliko kitu kingine chochote ndani ya makasha haya. Mpiga ngoma anakosea, wimbo unakatika, mtu anacheka, mwingine anahesabu moja hadi nne na safari inaanza tena. Unamsikia mwimbaji anaimba nusu tu, kwa kuwaelekeza wenzake wapi ubeti unaishia. Kwenye rekodi iliyokamilika kila kitu kinaonekana kana kwamba hakikuwezekana kuwa vingine. Teki zilizoachwa zinakuonyesha kwamba kiliwezekana, na kwamba mtu alikaa akachagua.

Halafu kuna jambo linalovuruga mpangilio huu wote, na ndilo lililonifanya niichague albamu hii. Walipofika Trident walitakiwa kurekodi upya nyimbo za demo. "The Night Comes Down" wakaurekodi upya, hawakuridhika, na mwishowe kilichowekwa kwenye santuri ya 1973 ni ile rekodi ya De Lane Lea. Yaani wimbo wa sita wa albamu hiyo ni demo. Watu wamekuwa wakiusikia kwa miaka zaidi ya hamsini kama toleo halisi, wakati toleo lililokusudiwa kuwa halisi ndilo lililogeuka mbadala. "Keep Yourself Alive" nao una kisa kinachokaribiana na hicho. Demo yake inafunguliwa na gitaa kavu la zamani la Brian May, mpiga gitaa wa bendi, lenye nyuzi zinazovuma kwa namna ya pekee, na May mwenyewe ameendelea kuiona bora kuliko zote zilizofuata. Toleo la Trident lilimiksiwa mara kadhaa na kukataliwa, mpaka lilipofika mikononi mwa fundi mitambo Mike Stone ndipo bendi ikakubali.

Kumiksi maana yake ni kuzichukua zile traki zote na kuamua kila moja isikike kwa kiasi gani, upande gani wa spika, ikiwa na mwangwi au bila. Utepe ule ule mmoja unaweza kuzaa miksi kumi zisizofanana. Hapa watu huchanganya mambo mawili. Kuna albamu iliyosafishwa, ambapo fundi anaishika miksi ya zamani ikiwa imekamilika na kuing'arisha tu. Hawezi kuinua ngoma peke yake, kwa sababu zimeshaungana na vingine. Na kuna miksi mpya, ambapo fundi anarudi kwenye traki zenyewe na kuanza kuamua upya. Kazi ya 2024 ni ya aina hii ya pili. Queen hawakuwahi kuipenda sauti ya ngoma za Trident, zilizorekodiwa kwenye kichumba kikavu kisicho na mwangwi, na safari hii ngoma za Roger Taylor zimepewa upana waliokuwa wakiutaka tangu mwanzo.

Rekodi za redio ni tawi jingine. Tarehe 5 Februari 1973, miezi mitano kabla ya albamu kutoka, Queen waliingia studio ya BBC na kurekodi nyimbo nne kwa ajili ya matangazo. Hapo hakuna anasa ya miezi. Siku moja, kazi imekwisha. Msikilize Taylor akipokea sehemu ya uimbaji kwenye "Doing All Right" ya siku ile. Kwenye santuri sehemu hiyo si yake.

Kabla ya makasha rasmi, rekodi za namna hii zilipita njia za magendo. Utepe ulitoka studio bila ruhusa, ukachapwa santuri zisizo na jina, zikauzwa chini kwa chini. Mfano maarufu wa mwanzo kwenye roki ulikuwa wa nyimbo za Bob Dylan, Marekani, mwaka 1969, ukiwa kwenye kava jeupe tupu. Wanamuziki walidhulumiwa, hilo sina shaka nalo. Wasikilizaji pia walipunjwa, maana mara nyingi walichopata ni nakala ya nakala, yenye mvumo kama wa mvua juu ya bati.

Demo za De Lane Lea zilitolewa rasmi mwaka 2011, miaka arobaini baada ya kurekodiwa, na zikamiksiwa upya kwa ajili ya kasha la 2024.

Umebaki wimbo mmoja ambao si demo wala teki ya ziada. "Mad the Swine" aliutunga Mercury, ukarekodiwa kwa ajili ya albamu hii na kupangiwa nafasi ya nne. Ukaondolewa kwa sababu bendi na prodyuza Roy Thomas Baker hawakuelewana kuhusu sauti ya ngoma zake. Ukalala hadi 1991, mwaka aliofariki Mercury, ulipotolewa upande wa pili wa singo. Mwaka 2024 umerudishwa mahali pake, kati ya "Great King Rat" na "My Fairy King", na albamu ikawa na nyimbo 11.

Nafurahi kwamba umerudi. Lakini santuri ya nyimbo 10 ndiyo iliyotoka mwaka 1973, ngoma kavu na yote, na ningependa anayeanza leo aisikilize hiyo kwanza, kisha demo, ndipo afungue miksi mpya.