Je, wajua? Kompyuta iliyokwisha kufa huandikaje ripoti ya kifo chake?

Laptopu iko juu ya meza ya fundi pale Mwanga, Kigoma. Skrini imegeuka bluu (au nyeusi, kwa Windows 11 zilizosasishwa tangu 2025) na chini kuna namba inayopanda: asilimia 10, 40, 75. Mwenye mashine anauliza, "Fundi, inapakua nini tena hiyo?"

Haipakui kitu. Inaandika dampu, yaani nakala ya yaliyokuwamo kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) mfumo ulipoanguka. Lakini kama mfumo umeanguka, anayeandika ni nani?

Jibu la haraka, hata kwa mafundi wazoefu, ni kwamba Windows hufungua faili C:\Windows\MEMORY.DMP na kumwaga humo, kama tunavyohifadhi barua. Sivyo. Wakati ule kerneli, yaani kiini cha mfumo, haiuamini tena mfumo wa mafaili. Huenda kasoro imo humohumo kwenye msimbo unaopanga mafaili, na kuandika kwa kuutumia kungeweza kuharibu hata picha za harusi zilizokuwa salama. Kwa hiyo faili hilo halifunguliwi kabisa. Namba inapofika 100, MEMORY.DMP mpya bado haipo.

Kosa la pili ni kudhani skrini ya bluu ni kifo cha ghafla. Kerneli hujizima yenyewe, kwa makusudi, ikikuta jambo lisilowezekana, mathalani draiva (programu inayoendesha kifaa) inayogusa kumbukumbu isiyo yake. Wakazi wa Kigoma wanao mfano mzuri ziwani. Meli tunayoiita Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, lakini kwanza mafundi walizipaka mashine zake grisi nzito. Ilipoibuliwa 1924 kulikuwa na kitu cha kufufua, na 1927 ikarudi kazini. Dampu ndiyo grisi hiyo.

Grisi yenyewe huandaliwa mapema. Mashine inapowaka, ingali na afya, Windows hupima pagefile.sys, faili la kurasa (nafasi ya diski inayoisaidia RAM), liko sehemu gani hasa za diski, na ramani hiyo huwekwa akiba. Kisha hupakia nakala ya pili ya draiva ya diski, yenye jina linaloanza na dump_, mfano dump_stornvme.sys. Ukilitafuta faili hilo kwenye diski hulioni, maana linaishi ndani ya RAM tu. Wapo walioliona kwenye orodha ya draiva wakaapa ni virusi. Ni kama tochi ya kando ya kitanda: umeme ukikatika huanzi kuwaza iko wapi, mkono unaijua. Siku ya ajali prosesa nyingine husimamishwa, nakala ile ya akiba huamka, na data husukumwa moja kwa moja kwenye sehemu zilizopimwa, bila kumuuliza mtu. Mashine ikiwaka tena, Windows hukuta alama PAGEDU64 mwanzoni mwa faili la kurasa, hujua kuna mzigo, na ndipo MEMORY.DMP inapozaliwa.

Sasa utaona kwa nini ushauri wa kuzima faili la kurasa "ili SSD ipumue" unaua ushahidi. Bonyeza Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda kichupo cha tatu, kisha mipangilio ya sehemu ya tatu. Chagua dampu ya otomatiki na ondoa tiki ya kujiwasha upya. Dampu kamili inadai faili la kurasa lenye ukubwa wa RAM na MB 257 juu yake: RAM ya GB 8 ni MB 8,449, kwenye diski ya Windows. Usishike kitufe cha kuzimia kabla ya asilimia 100. Nafasi ikibaki chini ya GB 25, kompyuta ya nyumbani inaweza kuifuta MEMORY.DMP yenyewe, angalia basi zile ndogo, C:\Windows\Minidump, na uzinakili kabla hujapiga Windows upya.

Lakini diski au kebo yake ikiwa ndiyo mgonjwa, hakuna pa kuandikia. Ndiyo maana kosa 0x7A, la kushindwa kusoma diski, mara nyingi halina dampu. Umeme ukikatika pia hakuna: kumbukumbu ya matukio (Event Viewer) itaonyesha tukio namba 41 lenye BugcheckCode, yaani msimbo wa kosa, 0. Kama si 0, kumbuka imeandikwa kwa desimali, si kwa heksadesimali kama 0x7A. 159 ni 0x9F.

Ukiifungua dampu kwa WinDbg, programu ya Microsoft ya kuchunguza dampu, na kuandika !analyze -v, jina litakalotajwa ni la kushuku tu. ntoskrnl.exe, faili la kerneli yenyewe, hutajwa mno kwa sababu ndiye aliyekutwa na maiti. Dampu tano zenye misimbo mitano tofauti ya makosa hunielekeza kwenye RAM kabla ya draiva. Iache Memtest86+, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku kucha.

Linux, tangu kerneli 2.6.13 ya 2005, inayo njia nyingine: kerneli ya pili hukaa kwenye RAM iliyotengwa, mfano kwa agizo la kuwashia crashkernel=256M, na ya kwanza ikianguka hiyo huwaka na kuandika kwa utulivu. Uliza kwa amri cat /sys/kernel/kexec_crash_size. Ikijibu 0, hakuna kilichotengwa, na folda ya /var/crash haitapata dampu ya kerneli.