Tunavyoisoma vibaya The Scarlet Letter: ukweli wa mtu mmoja na macho ya mji

Dhana: Riwaya hii ni kitabu cha Mpuritani (Mprotestanti wa maadili makali) wa karne ya 17.
Hapana. Nathaniel Hawthorne alikitoa mwaka 1850. Matukio yake ndiyo ya Boston, koloni la Massachusetts, ya miaka ya 1640. Mhenga wake, John Hathorne, alikuwa hakimu katika kesi za uchawi za Salem mwaka 1692.

Dhana: Hester, mwanamke aliyehukumiwa kuvaa herufi A nyekundu kifuani kwa uzinzi, alipewa adhabu kali kuliko zote.
Kwa sheria ya koloni, uzinzi ulikuwa kosa la kunyongwa. Sura ya 3 inaeleza kwa nini aliponea: mumewe alidhaniwa kuzama baharini.

Dhana: Hester ndiye mkweli, Mchungaji Dimmesdale, aliyezini naye kwa siri, ndiye mwongo.
Hii ndiyo inayoharibu insha nyingi. Kweli, Hester anasimama kwenye jukwaa la adhabu mbele ya mji na anagoma kumtaja baba wa mtoto wake, Pearl. Lakini sura ya 4 anamwahidi mumewe, anayejiita Roger Chillingworth, kwamba atamfichia utambulisho wake. Siri hiyo inadumu miaka saba, na Chillingworth anaitumia: anajifanya tabibu, anahamia alikopanga Dimmesdale na kumtafuna polepole. Hester anamtobolea Dimmesdale sura ya 17, msituni, akikiri kwamba hapo aliridhia udanganyifu.

Dimmesdale naye hanyamazi. Sura ya 11 anatangaza mimbarani kuwa yeye ni mwovu kupita waovu wote. Waumini wanazidi kumtukuza: ikiwa mtakatifu huyu anajiona hivyo, sisi tutasemaje? Naye anajua fika watamwelewa hivyo. Anakiri kwa jumla, bila kutaja tendo wala mwanamke, kwa hiyo maungamo yenyewe yanamwongezea heshima. Anayeandika kuhusu unafiki aanzie hapa. Kimondo cha sura ya 12, kinachoonekana kuchora A angani, kinapendeza, ila hakithibitishi mengi.

Dhana: Jamii ilimlazimisha Hester avae herufi A hadi kufa.
Sura ya 5 inasema wazi kuwa hukumu haikumzuia kuhama. Kufikia sura ya 13, wengi wanaisoma A kama alama ya uwezo, maana ndiye anayewauguza wagonjwa wao. Sura ya 14 anaambiwa baraza limejadili kumruhusu aivue. Anajibu kwamba kuiondoa hakumo mikononi mwa mahakimu. Mwishoni anarudi kutoka ng'ambo na kuivaa tena, bila kuamriwa na mtu.

Dhana: Hawthorne anasema fuata moyo wako, achana na jamii.
Anamsifu Hester kwa ujasiri wa mawazo, kisha sura ya 18 anasema aibu na upweke vilimpa nguvu lakini vilimfunza mengi yasiyo sawa. Sura ya mwisho anasisitiza mara tatu: uwe mkweli. Anaongeza kuwa kama huwezi kuonyesha baya lako kuu, onyesha walau dalili itakayowawezesha watu kulikisia. Katika sura hiyohiyo, baadhi ya waliomwona Dimmesdale akifungua kifua jukwaani kabla ya kufa, kuonyesha alama ya dhambi yake, wanaapa hapakuwa na alama yoyote, na kwamba hakukiri kuhusika na kosa la Hester.