Seollal si "Mwaka Mpya wa Kichina"

Seollal ni mwaka mpya wa jadi wa Korea, na wengi huamini Wakorea husherehekea tu mwaka mpya wa Kichina kwa jina lingine. Ni kweli kalenda ya mwezi ilitoka China, na tarehe karibu kila mara huwa moja. Lakini mwaka huanza siku ambayo mwezi mpya unazaliwa kwa saa za nchi husika, na mwaka 1997 ulipozaliwa, Beijing ilikuwa saa 5:06 usiku, tarehe 7 Februari. Seoul, iliyo saa moja mbele, ilishaingia tarehe 8, na ndiyo siku Wakorea waliyosherehekea.

Mila zao pia ni zao. Asubuhi huandaliwa meza ya kuwaenzi mababu, kisha huliwa tteokguk, supu ya vipande vyembamba, vyeupe, vya unga wa mchele. Watoto waliovaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, husujudu mbele ya babu na bibi, nao hupewa baraka na pesa kidogo.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi familia zilivyoishikilia sikukuu hii. Wakoloni wa Kijapani waliibana, na hata baada ya uhuru wa 1945 serikali ya Korea Kusini iliendelea kuhimiza mwaka mpya wa Januari 1. Mwaka 1985 ilirudi kama mapumziko ya siku moja, ikiitwa Siku ya Jadi. Jina Seollal lilirejeshwa rasmi 1989, pamoja na siku tatu za mapumziko.